Kufyeka Pori kwa Trekta: Nasaha kwa Mwenye Shamba na Dereva Wake

Mtu aliyezoea kufyeka kwa panga, akajaliwa siku moja kuwa na uwezo wa kukodi trekta, aghalabu hudhani kwamba hatari imempungukia, kwa kuwa makovu ya mikononi na miguuni mwake yote yametokana na panga na miiba, ilhali mashine ile yenye magurudumu makubwa kuliko kimo cha mtoto hupita juu ya miiba ile ile kana kwamba inapita juu ya ukoka. Dhana hiyo ndiyo chimbuko la misiba mingi ya mashambani. Panga humdhuru aliyelishika, na jeraha lake mara nyingi hupona. Trekta laweza kumwua aliye juu yake na aliye kando yake, na fyekeo lililofungwa nyuma yake laweza kumwua mpita njia aliye mbali, ambaye hakupata hata habari kwamba pana kazi inayofanyika.

Pori ninalolikusudia hapa ni lile la mkoa wa Tanga na jirani zake, ambalo watu wengi wamerejea kulifungua. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu iliyosalimika katika safari ndefu ya baharini ndiyo iliyozaa mashamba makubwa yaliyoenea Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko. Kisha bei ya nyuzi zake ilipoanguka katika miaka ya 1960 kwa kushindana na nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakaachwa moja baada ya jingine, mkulagembe, migunga na mitambaazi ya kila namna ilirudi kuimiliki ardhi. Kwa juu huonekana kichaka kimoja kilichoshikamana, kimetulia, hakina neno. Kwa chini mna vipande vya reli ambazo zamani zilipitisha vitoroli vya majani ya mkonge, mna misingi ya nyumba za manamba, mitaro, visima visivyo na mfuniko, nyaya za seng'enge, vichuguu vigumu kama saruji, na mashimo ya muhanga ambayo gurudumu la mbele la trekta laweza kutumbukia hata ekseli ikagusa ardhi. Mwenye kuingiza trekta mahali kama hapo bila ya kupatazama kwanza kwa macho yake ni sawa na mwenye kuogelea usiku katika maji asiyoyajua kina chake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanywa kwa miguu, na hufanywa siku moja au mbili kabla ya trekta kufika, wala si asubuhi ile ile ambapo dereva ameshawasha mashine na saa za kukodi zinahesabiwa. Nenda wewe na mtu mwingine mmoja, mvae viatu virefu, mchukue panga, fimbo ndefu na vitambaa vyekundu. Pasueni njia nyembamba kila baada ya hatua ishirini au thelathini, mkibisha chini kwa fimbo, na kila mtakapokuta shimo, jiwe, chuma au kisiki kipana fungeni kitambaa juu ya mti mrefu ili dereva akione kutoka kitini. Chuma na mawe yanayobebeka yaondoeni. Yasiyobebeka yazungushieni duara la kufyeka kwa mkono, upana wa hatua tatu, ili fyekeo lisipate sababu ya kuyakaribia. Tazameni pia juu, kwenye matawi makavu yaliyoning'inia, mizinga ya nyuki na nyaya za umeme. Kabla ya yote hayo mwendee mzee aliyekaa sana mahali hapo umwulize palikuwa na nini, kwa maana atajua kisima kilipo, na njia ya reli ilipopita, na mti ambao jamaa zake hawapendi uguswe. Na heshima hiyo ya kumwuliza, licha ya faida yake ya usalama, itakuepusha na ugomvi.

Mafunzo haya sikuyapata kitabuni. Mwaka mmoja nilisimamia ufyekaji wa ekari chache si mbali na Korogwe, nikaona kwamba majani yalikuwa mafupi na kwamba kutembea shamba zima kungenipotezea nusu ya siku. Tulipokaribia adhuhuri fyekeo lilipiga msumari wa reli, ule mnene wa kushikia pau kwenye taruma, na msumari ule ukatoka nyuma kwa mlio ambao sijausahau, ukapita baina ya vijana wawili waliokuwa wameketi kivulini wakinywa maji, ukazama ndani ya shina la mwembe. Hakuna aliyeumia. Lakini vijana wale niliwaleta mimi, na baba zao walinikabidhi mimi, na mwembe ule hadi leo nikipita siwezi kuacha kuutazama.

Tuje kwenye trekta lenyewe. Jambo la kwanza la kuuliza, kabla ya bei na kabla ya nguvu za injini, ni kama lina tao la kinga, yaani lile fremu la chuma kinene linalosimama nyuma ya kiti au kukizunguka, ambalo trekta likipinduka huacha nafasi ya uhai kwa dereva badala ya kumlalia. Nchi ya Uswidi iliamuru kwa sheria tangu mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga hiyo, na vifo vya kulaliwa na trekta vilivyokuwa vya kawaida huko vikapungua sana. Huku kwetu bado tunaendesha matrekta yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970 ambayo hayakuwahi kuwa nayo, au yalikuwa nayo ikang'olewa kwa sababu ilikwama kwenye matawi ya miembe. Turubai la kivuli lililotandazwa juu ya vyuma vyembamba si kinga. Hilo ni la jua tu. Tao nalo haliwi kinga kamili pasipo mkanda wa kiti, kwa kuwa dereva asiyejifunga hurushwa nje ya nafasi ile ya uhai na kuangukia pale pale tao litakapotua. Na hapa pana nukta ambayo lazima ifahamike vyema: mkanda ni kwa trekta lenye tao peke yake. Katika trekta lisilo na tao, kujifunga ni kujitia pingu chini ya mzigo wa tani mbili.

Yapo matao yanayokunjwa, na dereva anayeingia vichakani hushawishika kulikunja lake kila saa, maana matawi hulidaka na kumchelewesha. Shauri langu ni kwamba tawi ndilo likatwe. Pori zito ndipo mahali trekta linapoelekea zaidi kupinduka, kwa hiyo ndipo mahali pa mwisho pa kuikunja kinga.

Mbele ya dereva pafungwe wavu imara wa chuma, kwa sababu mti uliopindwa na pua ya trekta hukusanya nguvu kama upinde, na ukiachiliwa hufyatuka usoni. Na chini ya injini pawekwe bamba la chuma, kwa sababu kijiti kilichosimama wima, kisichozidi unene wa kidole gumba, chaweza kuchoma rejeta, kung'oa mpira wa dizeli au kukata hosi ya haidroliki. Juu ya hosi hizo nina neno moja la kukazia. Mafuta yaliyo ndani yake yamesukumwa kwa nguvu nyingi sana, na yakipata tundu dogo kama la sindano hutoka kama uzi usioonekana ambao hupenya ngozi na kuingia mwilini. Usitafute kamwe mahali panapovuja kwa kupapasa na kiganja. Pitisha kipande cha boksi au ubao, utaona alama. Na mtu aliyepenywa na mafuta hayo, hata kama kidonda chake ni nukta tu na maumivu hayajaanza, apelekwe hospitali saa ile ile, amwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki, kwani akingoja hadi kesho aweza kupoteza mkono.

Sasa fyekeo. Madereva wengine huliita slasha, na ni zana sahili: sahani au sanduku la chuma, na chini yake visu viwili au vitatu vizito vinavyozungushwa na mhimili utokao nyuma ya trekta, ambao kila dereva huuita PTO. Mhimili huo katika matrekta mengi huzunguka mara 540 kwa dakika, na hiyo ni mizunguko tisa katika kila sekunde moja. Ncha za visu, kwa kuwa gia ya fyekeo huongeza mwendo na visu vyenyewe ni virefu, hukimbia zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ukizitia hesabu hizo akilini, mengine yote nitakayoyasema utayaona ni ya lazima. Kikoi, shuka, kanzu, ncha ya kilemba, mkia wa koti lililofumuka au uzi wa kiatu ukiguswa na mhimili uzungukao utasokotwa mara tisa kabla mwenye nguo hajatamka neno, na yeye atafuata nyuma ya nguo yake. Mhimili uwe na bomba lake la plastiki la kuufunika, lisilopasuka, na ngao yake ya chuma pale unapotoka kwenye trekta. Ikiwa bomba limevunjika, kazi isianze. Mtu asiuvuke kwa kuupitia juu hata kama unazunguka polepole. Aizunguke mashine yote kwa nje, hata akiwa amechoka.

Minyororo midogo inayoning'inia mbele na nyuma ya fyekeo, ambayo watu wengi huing'oa kwa kuwa hushika majani, imewekwa ili izuie mawe na vyuma visiruke, na fyekeo lisilo nayo ni bunduki isiyo na mwenye kuilenga. Visu vikipiga kitu kigumu, boliti laini ya usalama hukatika au klachi ya fyekeo huteleza, ili gia isivunjike. Basi usibadilishe boliti hiyo kwa kipande cha nondo au boliti ngumu kwa kuwa tu dukani haikupatikana, maana nguvu iliyokosa mahali pa kukatikia itatafuta mahali pengine, na mahali hapo huenda pakawa krosi ya mhimili nyuma ya kiti chako.

Dereva asishuke kitini kwa haja yoyote kabla hajafanya mambo manne kwa utaratibu usiobadilika: azime PTO, ashushe fyekeo hadi chini, azime injini na kuutia ufunguo mfukoni mwake, kisha angoje hadi masikio yake yahakikishe kwamba visu vimesimama, kwa sababu visu vizito huendelea kuzunguka kwa muda mrefu baada ya nguvu kukatwa. Fyekeo likisakamwa na mitambaazi au waya, mkono usiingie chini yake mpaka limeinuliwa na kukalishwa juu ya magogo imara. Haidroliki peke yake haiaminiki kushikilia chuma juu ya kichwa cha mwanadamu.

Katika nchi yetu trekta likiingia porini haliingii peke yake. Nyuma yake watakuja akina mama kuokota kuni, na hawana lawama, maana kuni ni haja ya kila jioni. Watakuja watoto wenye virungu wakifukuza panya na kware wanaokimbia vichaka. Watakuja wenye mbuzi. Na utingo, ambaye kazi yake ni kuwaondoa hao wote, yeye mwenyewe atakuwa amekaa juu ya madigadi akizungumza na dereva. Nasema bila ya kupunguza neno: madigadi si kiti. Trekta lina kiti kimoja, na mtu wa pili ana mahali pawili tu pa kuangukia, mbele ya gurudumu kubwa au mbele ya visu. Gurudumu likipanda kichuguu kilichofichwa, anaanguka. Tawi likipita chini ya kwapa lake, anaanguka. Na dereva, kwa kelele za injini, huenda akaendelea hatua kadhaa kabla ya kujua. Ikiwa mwenye trekta atakuletea dereva anayempakia utingo wake hivyo, mshushe, na akikataa kushuka, irudishe mashine.

Umbali wa usalama ninaoutaka mimi ni mita 100 kila upande, takriban urefu wa uwanja wa mpira, wakati wowote visu vinapozunguka. Umbali huu utaonekana ni mwingi hadi utakapokumbuka kasi niliyoitaja. Shauri lililo jema ni kufanya mapatano na kijiji mapema: tangaza kwamba siku fulani trekta litafyeka na hapana ruhusa ya mtu kuingia, na kwamba kesho yake asubuhi, mashine ikiwa kimya, kila mwenye haja ya kuni ataingia na kuchukua apendavyo. Nimeona mapatano hayo yakiheshimiwa kuliko amri na kuliko makelele ya kufukuzana. Utingo asimame kwenye njia ya watu na kitambaa chekundu mkononi, na dereva amwone. Wakipotezana machoni, trekta lisimame.

Kuhusu kuendesha, nitasema kwa ufupi, kwa kuwa dereva mwema anajua kazi yake na asiye mwema hatafunzwa na karatasi. Gia iwe ndogo, mwendo uwe wa mtu anayetembea bila haraka, injini iwe na mzunguko wa kutosha wa kuzungusha visu. Pitia kwanza fyekeo likiwa limeinuliwa kidogo, upate kuona ardhi, kisha urudie likiwa chini. Fahamu uwezo wa zana yako: mafyekeo mepesi yametengenezwa kwa miti isiyozidi unene wa sentimita 2.5, ya kati yaweza kama sentimita 5, na mazito yafika 7 au zaidi kidogo. Mti mnene kuliko hapo si wa fyekeo, ukatwe kwa shoka au msumeno, na ukatwe bapa karibu na ardhi, kwani kishina kilichochongwa mshazari kwa panga ni mkuki unaongoja tairi, na hakuna mti unaojua kutoboa tairi kama mkulagembe. Kwenye mteremko panda na kushuka wima, usipite kwa ubavu. Na kama mteremko ni mkali hata huwezi kuupanda kwa kurudi nyuma bila kuteleza, basi sehemu hiyo ni ya watu na mapanga. Magurudumu ya nyuma yapanuliwe kadiri ekseli inavyoruhusu. Makanyagio mawili ya breki yaunganishwe kwa kipini chake wakati wa kusafiri barabarani, breki isije ikashika gurudumu moja peke yake. Na usifyeke wakati wa masika. Ngoja hadi mvua zikatike na ardhi ishike, Juni na kuendelea, kabla nyasi hazijakauka kuwa baruti.

Nitatua zaidi kwenye kung'oa visiki, kwa sababu hapo ndipo madereva hodari hufa, na hufa kwa ujuzi wao. Mtu huona kisiki cha mgunga, akafunga mnyororo, na kwa kuwa anataka kuvuta kwa kuelekea juu ili mizizi ing'oke, huufunga mnyororo ule kwenye ekseli ya nyuma, au kwenye mkono wa juu wa kushikia zana, au penye kiti. Kisha hutia gia, huachia klachi, na kisiki hakiji. Sasa fikiri kinachotukia: injini inataka kuzungusha magurudumu, magurudumu yameshikwa na ardhi, mnyororo umeshikwa na kisiki, na kitu pekee kilichobaki huru kuzunguka ni trekta lenyewe, basi pua yake huinuka juu na trekta huzunguka juu ya ekseli yake ya nyuma na kumwangukia dereva kwa mgongo. Jambo hilo lote huchukua muda usiofika sekunde mbili, na kabla hata ya sekunde moja kutimia linakuwa limekwisha kupita mahali ambapo kukanyaga klachi kungesaidia. Hakuna mwanadamu mwenye mguu mwepesi kiasi hicho.

Dawa yake ni moja. Mnyororo ufungwe kwenye kitako cha kuvutia, yaani ule upau wa chini ulioko nyuma ya trekta, ambao uko chini ya ekseli, wala usifungwe mahali pengine popote pale. Kikivutwa kwa chini, kisiki kikigoma, magurudumu yatateleza na kuchimba, na kuteleza huko ndiko rehema yako; ukiona yanateleza, acha. Usirudi nyuma na kukurupuka mbele kwa kishindo ukidhani kwamba utakishtukiza kisiki. Chimba kukizunguka, kata mizizi ya upande kwa shoka, ujaribu tena, na kikikataa kiache kioze, kwa kuwa kisiki kisichong'oka mwaka huu kitakuwa laini baada ya masika mawili matatu na hakitamdai mtu roho yake.

Mnyororo wenyewe uwe mzima, pete zake zikaguliwe moja moja, na juu yake katikati patupwe magunia mazito au gogo dogo, ili ukikatika uanguke chini badala ya kurudi kwa kishindo. Kamba ya nailoni sitaki kuiona katika kazi hii. Hunyumbuka, na nguvu yote iliyoikusanya huirudisha kwa mara moja, ikiwa imebeba ndoano au kipande cha chuma mwishoni mwake. Watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa mnyororo mara mbili, nao wasiwe katika mstari wake.

Kwa trekta lenye kijiko cha mbele, tahadhari ni ya juu zaidi kuliko ya chini. Mti mkavu ukisukumwa shina, kilele chake hutikisika na kuvunjika, nacho huanguka kuelekea kwa yule anayesukuma. Na mti mbichi ukianza kulala, sahani ya mizizi yake huinuka kutoka ardhini na yaweza kuinua pua ya trekta lililosogea mno. Kijiko hakikuumbwa kuangusha miti. Kitumie kukusanya takataka zilizokwisha kukatwa, na ukibebe chini, karibu na magoti, kwani mzigo ulioinuliwa juu huhamisha uzito wa trekta na kulifanya lipinduke kwenye shimo ambalo vinginevyo lingelivuka.

Wazee wa Kongwa watakumbuka mashine zilizoletwa na Waingereza mwaka 1947 kwa ule mpango wa karanga, katapila nzito, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vyote vikitumainiwa kulifutilia mbali pori la Ugogo. Pori lilisimama imara kuliko mashine, na mpango ukaachwa mwaka 1951; na miongoni mwa majeshi yaliyowashinda madereva wale walikuwa nyuki waliokaa ndani ya mibuyu, ambao mbuyu ukitikiswa walitoka kwa maelfu. Nyuki wetu hawajabadilika. Mtikisiko na moshi wa injini huwaghadhibisha, na dereva aliyejifunga mkanda huwa mawindo yasiyo na kimbilio. Kwa hiyo mti wenye mzinga uachwe, au aendewe mrina asali auhamishe usiku. Nyuki wakikufikia, zima PTO na injini, jifungue, funika uso kwa shati na ukimbie moja kwa moja bila kupunga mikono, hadi nyumbani au mbali kiasi cha mita mia kadhaa. Usilale chini na usiache mashine inaendelea kwenda yenyewe. Miiba ikwanguliwe kwa ukucha upesi. Aliyechomwa mara nyingi, au aliyeanza kuvimba uso na kuhema kwa shida, ni mgonjwa wa hospitali hata akisema hajambo.

Nyoka wengi watakimbia kelele, lakini kifutu hakimbii, hutulia katika majani akitegemea rangi yake, na huyo ndiye huwauma wanaoshuka kutazama visu. Aliyeumwa asikatwe kwa wembe, asinyonywe wala asifungwe kamba ya kukaza. Kiungo chake kitulizwe kwa ubao na nguo, abebwe, apelekwe panapo dawa. Upupu nao, unapokauka, hupeperusha vinyweleo vyake kama vumbi pindi fyekeo linapoupiga, na dereva aliyewashwa mwili mzima hawezi tena kushika usukani kwa akili. Uondoe mapema, asubuhi kukiwa na umande. Mnyaa hutoa utomvu mweupe unaounguza macho hata kupofusha. Miwani ya kazi, kwa hiyo, ni ya lazima, na dumu la maji safi liwepo karibu la kuoshea macho.

Moto hauhitaji maneno mengi. Majani makavu hujikusanya juu ya ekzosi na mbele ya rejeta. Simamisha kila baada ya saa mbili uyapanguse, usitie mafuta injini ikiwa moto, na uwe na kizima moto kilichojaa kikiwa kimefungwa mahali ambapo dereva anakifikia. Milundo ya vichaka isichomwe siku ambayo trekta lingali shambani.

Asifanye mtu kazi hii peke yake. Awepo mwingine mwenye simu yenye chaji, anayejua mahali mtandao unapopatikana, aliyekubaliana tangu asubuhi na mwenye gari fulani kwamba akiitwa atakuja, na mwenye kitambaa safi cha kukandamiza kidonda kinachovuja damu hadi hospitali. Na saa kumi za jioni, kivuli kinaporefuka na mashimo yanapoanza kufanana na ardhi, kazi ikome, hata kama imebaki nusu ekari na mwenye trekta anataka kuondoka alfajiri.

Ikiwa trekta ulilonalo, au ulilokwisha kupatana bei yake, halina tao la kinga, nakusihi usilitie porini mwaka huu. Mtafute wakala wa trekta la aina hiyo akuuzie tao lililotengenezwa kwa ajili yake, wala usiridhike na bomba la kuchomelewa mtaani, ambalo halikupimwa na litakunjika. Na mpaka lipatikane, lima na trekta lako mahali palipo tambarare na peupe, na vichaka uwape vijana wenye mapanga, uwalipe haki yao.